Nusrat Fateh Ali Khan hakuuza qawwali, wanunuzi ndo walichagua

Kila ukifika mwezi wa nane watu wanaanza tena kurushiana vipande vya Nusrat Fateh Ali Khan, yule baba mnene wa Kipakistani amekaa chini kwenye zulia, mkono mmoja hewani, macho kayafumba, nyuma yake safu ya wanaume wanapiga makofi bila kuchoka, na ubishi unaofuata ni ule ule wa miaka yote. Kuna wanaosema huyu alikuwa mtu wa Mungu kabisa, sauti ya karama. Na kuna wanaosema alianza vizuri kwenye maziara, yani makaburi ya mawalii, akaishia kwenye tangazo la soda na filamu za Kihindi, yani alichukua jina la Allah akalipeleka sokoni. Hii ya pili ndo inanikera, na hainikeri kwa sababu ni uongo mtupu, ndani yake kuna ukweli kidogo na nitaufikia, inanikera kwa sababu wengi wanaoisema wanamjua kwa remiksi tu, hawajawahi kukaa na rekodi yake moja ya dakika 25 wakaimaliza.

Tuanze na kazi yenyewe maana bila kuielewa tutabishana hewani. Qawwali ni uimbaji wa watu wa twariqa ya Chishti, twariqa iliyoota mizizi India kwa Khwaja Moinuddin Chishti wa Ajmer aliyefariki 1236, na waimbaji wenyewe ukiwauliza asili yao karibu wote watakutajia Amir Khusrau, mshairi wa Delhi aliyefariki 1325, mwaka ule ule aliofariki sheikh wake Nizamuddin Auliya. Kikundi kinakaa chini safu mbili, mbele muimbaji mkuu na wasaidizi wake na hamonia, nyuma waitikiaji na wapiga makofi, na mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za mkono. Wanaanza na sifa za Mwenyezi Mungu, wanakuja kwa Mtume, kisha Imam Ali na mawalii, ndo baadae yanakuja mashairi ya mapenzi na ya ulevi ambayo anaejua anajua mpenzi ni nani na kilevi ni kipi. Mtu aliyezoea maulidi na hauli hapotei hapo, mpangilio ataujua tu hata kama lugha haijui.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba muimbaji wa qawwali toka zamani ni fundi wa kulipwa. Msikilizaji akiguswa anasimama, anakuja mbele anaweka hela, mbele ya sheikh au mbele ya waimbaji wenyewe, na hakuna anaeona vibaya. Na kazi kubwa ya muimbaji kuliko hata sauti ni kusoma nyuso, mstari upi umempata nani. Akiona kuna mtu kashikwa, kaanza kulia au kutetemeka au kainuka anazunguka, basi ule mstari hauachwi, unarudiwa na kurudiwa mpaka yule mtu atulie mwenyewe, na ukiuacha katikati unahesabika umemfanyia jambo baya. Inasimuliwa kwamba Khwaja Qutbuddin Bakhtiar Kaki pale Delhi mwaka 1235 alishikwa na beti moja ya Kifarsi, wakawa wanamrudia siku nne, akafia humo humo kwenye beti. Kisa kimeongezwa chumvi au hakijaongezwa mi sijali sana, ninachokiona ni namna hawa watu wanavyoichukulia kazi yao, kwamba neno ukilitoa mdomoni lina safari yake na linaweza kuondoka na roho ya mtu. Hela ipo na neno lipo, vyote kwenye zulia moja. Kwahiyo anaesema Nusrat ndo alileta biashara kwenye qawwali amechelewa kama miaka 700.

Na ubishi wa halali na haramu nao si wa jana. Imam Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa zamani, aliuandikia sehemu nzima kwenye kitabu chake cha Ihya, akaruhusu kusikiliza kwa masharti. Nizamuddin mwenyewe aliitwa mbele ya Sultani Ghiyasuddin Tughlaq na wanazuoni wa Delhi ajieleze kwanini anasikiliza nyimbo. Nataja haya kwa kupita tu, sina nia ya kutoa fatwa hapa, wenye kazi hiyo wapo.

Sasa Nusrat. Kazaliwa 13 Oktoba 1948 Lyallpur, mji ambao baadae ulibadilishwa jina ukawa Faisalabad, mwaka mmoja tu baada ya nchi kukatwa vipande viwili. Ukoo wao ulikuwa Jalandhar, upande uliobaki India, wakahama 1947 kama mamilioni ya wengine, na mali yao kubwa ilikuwa vichwani maana wao wanahesabu miaka kama 600 ya kuimba mtoto akipokea kwa baba. Baba yake, Ustadh Fateh Ali Khan, na ami yake Mubarak Ali Khan walikuwa majina makubwa Punjab nzima. Na bado yule baba hakutaka mwanawe aimbe! Alitaka awe daktari. Ukifikiria sio ajabu, muimbaji wa qawwali anaheshimiwa akiwa ameshika hamonia, akishasimama watu wanamwona mtu wa chini anaeishi kwa sadaka za usiku wa ziara, na mzee alikuwa anaijua hiyo dharau vizuri kuliko yoyote. Kwahiyo mtoto akawa anasikiliza masomo ya wenzake kwa kuibia, na alichoanza kujifunza mwanzo ni tabla, sauti ilikuja baadae.

Hiyo tabla muishike. Mi naamini nusu ya siri ya Nusrat ipo hapo. Waimbaji wengi wazuri wanapanda juu ya mdundo wanauacha uwabebe, Nusrat alikuwa anaimba kama mpiga ngoma, anaugawa mdundo vipande vidogo vidogo, anaukimbia, anaurudia kwa nyuma, anauvizia mpaka unadhani kapotea kisha anatua pale pale penye pigo la kwanza na kikundi kizima kinamdaka. Sikiliza anapoanza kutaja majina ya noti, ule mtiririko wa sa re ga ma kwa kasi ya cherehani, utasikia mikono ya mpiga tabla ndani ya koo la mtu.

Baba alifariki 1964, Nusrat akiwa bado kijana mdogo hajaiva. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba baada ya msiba alimuota baba yake, akamgusa kooni akamwambia imba, akaamka akiwa anaimba, na mara ya kwanza kuimba mbele za watu ikawa kwenye arobaini ya baba huyo huyo. Ndoto kama hizi kwenye familia za namna hii ni kama cheti, ndo zinampa mtu ruhusa, siwezi kuzicheka na sitaki kuzichambua. Ila tusisahau upande wa pili wa hiyo habari, kwamba baada ya ndoto kulikuwa na miaka ya ami zake kumkalisha chini na kumpiga msasa. Mubarak alipofariki 1971 ndo Nusrat akashika uongozi wa kikundi, na kutoka kwao wa kwanza hadharani akiwa kiongozi ni kwenye tamasha la msimu wa machipuko la Radio Pakistan. Wimbo uliomtangaza ni ile Haq Ali Ali. Kisha zikaja kaseti, na kaseti kwa Pakistan ya miaka ya sabini ilikuwa jambo zito, dereva wa lori anatoka Faisalabad mpaka Karachi na Nusrat pembeni yake usiku kucha, kitu ambacho baba yake hakuwahi kukipata, yeye alitegemea uwepo mwenyewe ziarani.

Alichobadilisha hapo ni nini? Kwa masikio yangu mimi ni mambo mawili. Kwanza mwendo, aliongeza kasi, utangulizi mrefu wa hamonia na mguno aliupunguza alipoona inafaa, akaingia kwenye nyama mapema. Pili aliingiza ufundi wa muziki wa kikale wa Hindustani, ule wa wakubwa wa darbarini, ndani ya kitu ambacho mtu wa kawaida anapigia makofi. Sasa hapo ndo uone akili yake, maana muziki ule mgumu kawaida unamfukuza mtu asiyesoma, na makofi ya kawaida yanamchosha aliyesoma, yeye akawaweka wote kwenye zulia moja. Anaimba mashairi ya Bulleh Shah, mshairi wa kisufi wa Punjab, kwa Kipunjabi mpaka mkulima analia, dakika mbili mbele kaingia Kifarsi cha Khusrau na yule mkulima bado yupo nae, hajui neno lakini yupo.

Sifa zikavuka mpaka. Raj Kapoor, yule yule wa filamu, alimwita India kwenda kuimba kwenye sherehe za harusi ya mwanawe Rishi, na hapo nchi mbili zilikuwa zimeshapigana vita mara tatu. Na alipata pia kuimba Ajmer penyewe, kwenye ziara ya Khwaja, jambo ambalo alikuwa akilisimulia kama ndoto nyingine iliyotimia.

Watu wanapenda kusema Wazungu ndo waliomgundua Nusrat, na Peter Gabriel, mwanamuziki wa Kiingereza, anatajwa kama aliyemtoa porini. Hapana jamani. Kabla ya Gabriel kulikuwa na Birmingham, kulikuwa na wahamiaji wa Kipunjabi wa viwandani, na kulikuwa na kampuni ya wenyewe, Oriental Star Agencies, iliyoanza miaka ya themanini mwanzoni kumrekodi na kumzungusha kwenye kumbi za jamii yao. Hao ndo waliomleta Uingereza, na walimleta kwa ajili yao wenyewe, hawakuwa wanangoja Mzungu apitie aseme hiki kizuri. Wale wa WOMAD, tamasha la muziki ambalo Gabriel ni mmoja wa walioanzisha, walimkuta akiwa tayari ni mfalme, walichofanya ni kumpa jukwaa lingine.

Lakini hilo jukwaa nalo tusilidharau. Mwaka 1985, kisiwa cha Mersea huko Essex, usiku umeshaenda, Nusrat na kikundi chake wamekaa chini kama kawaida yao mbele ya umati wa vijana wa Kiingereza ambao hawajui Urdu, hawajui Kipunjabi, Amir Khusrau hawajamsikia, na Imam Ali kwao ni jina tu. Kwa muimbaji wa qawwali hiyo ni hali mbaya kabisa, kwa sababu silaha yake ni neno na neno hapa halitui kwa mtu. Rekodi ya usiku ule ilitolewa mwaka 2019 na ukiisikiliza utaona alichofanya. Alifanya kile kile anachofanya ziarani, akasoma nyuso, akaona hawa maneno hayawapati lakini mdundo unawapata na sauti ikipanda inawapata, basi akawapa hivyo, zile noti, zile mbio, zile ngazi za sauti. Hakuwaimbia wimbo wao. Aliimba zile zile zake, akabadilisha tu uzito uwekwe wapi. Mtu akiniambia pale ndo alianza kuiacha mila mi nitamwambia pale ndo alionyesha amefundwa vizuri.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Sauti yake ikaingia kwenye muziki wa filamu ya Martin Scorsese kuhusu Yesu, muziki uliotoka kama albamu ya Gabriel iitwayo Passion mwaka 1989, na mwaka huo huo Gabriel akaanzisha lebo ya Real World. 1990 ikaja Mustt Mustt, albamu aliyofanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, gitaa, besi, vinanda vya umeme, nyimbo za dakika tano badala ya 25. Hii ndo albamu inayoshtakiwa sana.

Sasa kuna habari moja ya studio ambayo Brook mwenyewe alishaisimulia na mimi naona ndo ufunguo wa kila kitu. Sehemu kubwa ya albamu ile Nusrat haimbi mashairi, anaimba noti na sauti tupu, mazoezi ya koo ambayo kwake ni kama kupiga stori. Brook akichukua mikanda anaikata na kuipanga upya kwa masikio ya kimagharibi, na mara nyingi hakukuwa na shida, kata tu. Ila palipokuwa na mashairi, Brook hajui lugha, akakata mahali ambapo sentensi imekatika katikati na maana ikapotea, na hapo Nusrat akagoma. Hakugombana, walitafuta suluhu, lakini akasema hapa hapana. Ona vizuri alichogomea. Gitaa hakuligomea. Ngoma za umeme hakuzigomea, kufupishwa pia hakukugomea. Aligomea neno kuvunjwa. Sauti yake chukua fanya utakavyo, ila neno likiwa limetoka kinywani mwake likiwa na maana basi liende na maana yake.

Ukiushika uzi huo maisha yake yote ya miaka ya tisini yanasomeka, hata yale yanayoonekana kupingana.

Chukua wizi wa Bollywood. Mwaka 1994 filamu ya Mohra ikatoka na ule wimbo wa Tu Cheez Badi Hai Mast Mast, ambao kila mtu mpaka bibi yangu aliujua, na wimbo wenyewe umejengwa juu ya qawwali ya Nusrat. Mwaka uliofuata Yaarana ikatoka na Mera Piya Ghar Aaya, nayo ni yake. Watunzi walikuwa Viju Shah na Anu Malik, hela zikaenda huko, jina lake halikutajwa ipasavyo. (Sisi watu wa pwani hapa tukae kimya kidogo, taarabu ngapi zimekalia melodi za filamu za Kihindi na hakuna aliyeomba ruhusa.) Nusrat alivyolichukua hilo ni kwa utani, akawa anawapa hao wawili tuzo za mdomo za mwizi bora. Mtu ambaye kwao nyimbo zinapokelewa kwa vizazi na kila ukoo unaimba Khusrau yule yule hawezi kushtuka sana akisikia melodi yake kwa jirani.

Lakini Anu Malik akarudi tena na filamu ya Auzaar ya 1997, safari hii akachukua Allah Hoo, ile qawwali ambayo ni dhikri kabisa, na kwenye kile kiitikio pale penye jina la Mungu akaweka maneno ya Kiingereza ya kijana kumwambia msichana anampenda. Hapo utani ukaisha. Nusrat alilalamika hadharani, na hakulalamikia hela wala melodi, alilalamikia kwamba angalau nyimbo za dini wangeziheshimu. Ni mtu yule yule aliyegoma studio, jambo lile lile. Na Natural Born Killers ya Oliver Stone mwaka 1994 nayo ilimuudhi, sauti yake ya ibada imewekwa juu ya mauaji. Kisha mwaka 1995 akakubali kuimba na Eddie Vedder, muimbaji wa roki wa Kimarekani, kwa ajili ya Dead Man Walking, filamu ya mtu aliyehukumiwa kifo na mtawa wa Kikatoliki anayemtembelea. Wanaomwita mtu asiye na msimamo wanaona hizi kama filamu mbili za Marekani tu, moja kakasirika moja kakubali, basi kigeugeu. Mi naona mtu aliyekuwa anauliza swali moja kila mara, neno langu linaenda kufanya kazi gani huko.

Sasa ule ukweli kidogo nilioahidi. Remiksi ya Mustt Mustt iliyofanywa na Massive Attack, kikundi cha Uingereza, ni nzuri, ilipigwa kwenye klabu za Uingereza, na ikaishia kwenye tangazo la Coca-Cola. Wimbo ule chimbuko lake ni sifa za Lal Shahbaz Qalandar, walii wa Sehwan huko Sindh. Hapo sina utetezi wa maana. Kanuni niliyosema aliifuata hapo ililegea, au hakuwa na uwezo wa kuzuia, ukishatia saini karatasi za lebo mambo mengine yanakwenda bila wewe. Na ile miaka ya mwisho alikubali kazi nyingi mno. Kaimba mashairi ya Javed Akhtar, mshairi wa Kihindi, kwenye albamu ya Sangam ya 1996, ile yenye Afreen Afreen, katunga muziki wa filamu ya Aur Pyaar Ho Gaya ya 1997, kaimba na A. R. Rahman, mtunzi wa muziki wa filamu za Kihindi, albamu juu ya albamu kwa kila kampuni iliyogonga mlango. Kitabu cha Guinness kilimhesabia albamu 125, na mtu yoyote mwenye masikio atakwambia zile 125 hazilingani. Kuna zilizofanywa kwa haraka ili kaseti ijae. Kwenye muziki wa filamu hasa naona alikuwa kama samaki aliyewekwa kwenye beseni, dakika nne hazimtoshi hata kupasha koo, na ninavyosikia mimi Afreen Afreen inapendwa zaidi kwa video na mashairi kuliko kwa uimbaji.

Ila hata hapo msimsahau alikuwa ni nani nyumbani. Kikundi cha qawwali ni familia, mdogo wake Farrukh kwenye hamonia, binamu, wapwa, waitikiaji, wote wanakula kutokana na koo moja. Koo likipumzika jiko linazimika kwa watu wengi. Mwaka 1992 mpaka 1993 alikaa Seattle, Chuo Kikuu cha Washington, kama msanii mgeni akifundisha, na natamani angepata miaka mingi ya hivyo, akae sehemu moja afundishe apumzike, badala ya kuzunguka. Mwili wake haukuwa wa kuzunguka. Alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 135, kisukari, figo na ini vimechoka. Mwezi Agosti 1997, siku zile zile Pakistan inasherehekea miaka 50, alikuwa njiani kwenda Marekani kutafuta kupandikizwa figo, akazidiwa London na kulazwa, na tarehe 16 moyo ukasimama. Miaka 48! Jeff Buckley, yule kijana wa Kimarekani aliyekuwa akimwita Elvis wake, alikuwa amekufa maji miezi michache tu kabla, na Elvis mwenyewe alifariki tarehe 16 Agosti vilevile, mambo ya ajabu haya. Mwili ukarudishwa Faisalabad.

Aliacha mke na binti mmoja, na hapa kuna jambo ambalo waandishi wengi wanalipita kimya kimya. Kwenye familia hizi qawwali haipokelewi na mtoto wa kike, kwahiyo miaka 600 ikahamia kwa Rahat, mtoto wa Farrukh, ambaye ami yake alimkalisha mbele ya hamonia toka akiwa mtoto na kumpeleka Uingereza ile 1985 akiwa bado hajabalehe. Rahat sauti anayo tena tamu. Lakini yeye alichokirithi ni soko lililokwisha kujengwa tayari, filamu za Bombay zikimwita kila mwezi, na nyimbo zake zilizofika mbali zaidi ni za mapenzi ya filamu. Simlaumu sana. Nyumbani kwao hali ya kuimba ziarani ilikuwa imebadilika, mwaka 2016 Amjad Sabri wa ukoo mwingine mkubwa wa qawwali alipigwa risasi Karachi mchana kweupe ndani ya gari yake mwezi wa Ramadhani, na mwaka 2017 bomu likapiga ziara ya Sehwan, ya yule yule Qalandar wa Mustt Mustt, watu zaidi ya 80 wakafa siku ya dhikri. Wanaobishana hapa kwetu kama Nusrat aliharibu mila kwa kupeleka gitaa hawalitaji hili kabisa, kwamba waliotaka qawwali ife walikuja na silaha, hawakuja na gitaa. Kipindi cha mwisho cha Amjad kwenye Coke Studio, kile kipindi cha muziki cha televisheni, akiimba Rang ya Khusrau pamoja na Rahat, kilirushwa akiwa ameshazikwa, na tena kwa jina la kampuni ile ile ya soda. Kwahiyo hata ubishi wa soda sio mwepesi hivyo.

Na sasa ushahidi ambao naona unamaliza kesi, au angalau unaisogeza sana. Mwaka 2021 watu wa Real World wakihamisha mikanda yao ya zamani walikuta mkanda wa Nusrat ambao haukuwahi kutoka. Umerekodiwa Aprili 1990. Angalia hiyo tarehe, ni mwaka ule ule wa Mustt Mustt, studio za watu wale wale. Ndani yake kuna qawwali nne tu, hakuna gitaa, hakuna besi, ni kikundi chake, hamonia, tabla na makofi. Ukatolewa Septemba 2024 kwa jina la Chain of Light. Maana yake ni kwamba mwaka ambao anashtakiwa kuiacha mila alikuwa amekaa chini kwenye studio ya Mzungu anaimba mila yote mwanzo mwisho kwa nguvu zote, akiwa kwenye ubora wake, na ile ya gitaa ikaenda dukani na hii ikakaa kwenye boksi miaka zaidi ya 30.

Niwe mkweli, Real World walitoa za kienyeji pia, Shahen Shah ya 1989 ni ya kienyeji kabisa, Shahbaz na The Last Prophet vilevile, hawakumficha. Zilikuwepo madukani. Zilikaa pembeni ya Mustt Mustt kwenye rafu ile ile, watu wakachukua Mustt Mustt, matangazo yakachukua Mustt Mustt, filamu zikachukua vipande vya sekunde 40, na leo tunamhukumu marehemu kwa vile vilivyochukuliwa.

Kwa anaetaka kuingia, kwenye hiyo Chain of Light pitia zote lakini ukiwa na muda mchache nenda ya tatu na ya nne. Ya nne, Khabram Raseed Imshab, ni Kifarsi cha Khusrau, na ndo mfano mzuri wa ile tabla ya kooni niliyoisema huko juu, usiruke utangulizi. Ya tatu inaitwa Ya Gaus Ya Meeran, haikuwahi kusikika popote kabla ya mkanda huu kupatikana, na anaeitwa humo ni Sheikh Abdul Qadir Jilani, kwahiyo watu wa Qadiriyya huku kwetu hawatahitaji tafsiri ya mtu.